Mchezaji ana mtazamo mbaya? Kagua mafiga matatu kabla ya kutoa mawaidha

Fundi pikipiki anayeijua kazi yake akiletewa chombo kisichowaka hakimbilii kufungua injini. Anatikisa tangi asikie kama kuna mafuta, anachomoa plagi, anafuata waya. Sisi makocha tuna pupa kumzidi. Kijana akichelewa mazoezi mara mbili na kukunja uso mara ya tatu, uchunguzi umekwisha: "Huyu ana mtazamo mbaya." Anakalishwa chini ya mwembe, anapewa mawaidha ya nusu saa, anaitikia "ndiyo mwalimu" kila tunapovuta pumzi, na kesho yake anachelewa tena.

Nimetoa mawaidha ya namna hiyo mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Haya ninayoandika ni kwa yule anayefundisha timu ya shule, ya kata au ya mtaani, asiye na mwanasaikolojia wa michezo wa kumpigia simu, na aliyeshaona maneno yake yakigonga ukuta na kumrudia.

Kwanza: ni mtazamo kweli?

Anayelegea kila siku ifikapo dakika ya ishirini huenda hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Anayekwepa mpira wa kichwa huenda shingo inamuuma na anaficha asitolewe kikosini. Malaria iliyotibiwa nusunusu, upungufu wa damu (hasa kwa wasichana), usiku mfupi kwa sababu kijana anamsaidia kaka yake kuuza chipsi: vyote hivi ukivitazama kwa mbali vinafanana na utovu wa nidhamu. Na mazoezi mazito ya saa kumi alasiri mwezi wa Ramadhani, kwenye timu yenye wafungaji wengi (wa swaumu, si wa mabao), ni kosa la ratiba. Muulize mchezaji akiwa peke yake. Mbele ya wenzake atakuambia yuko fiti hata akiwa anachechemea.

Mafiga yenyewe

Wanasaikolojia wanausema mtazamo kuwa una sehemu tatu: anachoamini mtu kuhusu jambo, anavyojisikia juu yake, na anavyolitenda. Mimi huuona kama chungu juu ya mafiga. Figa la imani linasema "zoezi hili litaniongezea kasi." Figa la hisia linasema "nalifurahia" au "linanichosha roho." Figa la vitendo halisemi kitu, linafika uwanjani au halifiki. Figa moja haliinjiki chungu, na moja likititia, mengine hayachukui muda kuyumba.

Mafiga hayo hukuyaweka wewe. Yamewekwa na mama aliyesema mpira ni uhuni, na mjomba aliyembeba mabegani kwenda kutazama mechi akiwa na miaka minne. Yupo pia mwalimu aliyemcheka alipoanguka kwenye mbio za magunia, kuna marafiki, kuna wachezaji anaowaona kibanda umiza. Ila kinachoshika kuliko vyote ni yale yaliyompata mwenyewe: alipojaribu, alifaulu au aliaibika?

Kwa hiyo lile swali letu la kila siku, "kwa nini huna nidhamu?", halipimi chochote. Uliza matatu. Unadhani zoezi hili lina faida gani kwako? Ukiambiwa tunalifanya kesho, unajisikiaje? Wiki iliyopita ulilifanya mara ngapi? Jibu linaloyumba linakuonyesha figa la kuanza nalo.

Dalili: "Ndiyo mwalimu", halafu haonekani

Imani iko sawa, hisia ziko sawa, miguu haiji. Kocha humwita mnafiki. Lakini kusema na kutenda kutofautiana ni jambo la binadamu wote, na limepimwa zamani. Mwaka 1934 Mmarekani Richard LaPiere alichapisha habari za safari zake Marekani na mume na mke Wachina, wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi. Katika hoteli, migahawa na nyumba za wageni 251 walikataliwa mara moja tu. Baadaye alipoziandikia barua kuuliza kama zingepokea Wachina, zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Wachezaji wetu ni hao hao, wamegeuzwa tu: barua inasema ndiyo, mlango umefungwa.

Watafiti waliokuja baadaye, Martin Fishbein na Icek Ajzen, walionyesha kwamba tatizo mara nyingi ni swali. Ukimuuliza mtu jambo pana, jibu lake halitabiri tendo finyu. "Unapenda mazoezi?" ni swali pana kama bahari. "Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi utakuwa golini kwa ajili ya mbio za kilomita sita?" ni swali la kocha. Ajzen akaongeza jambo ambalo kwetu ndilo lenye uzito: je, mtu anaona jambo hilo liko ndani ya uwezo wake? Hapo ndipo ilipo nauli. Hapo ndipo vilipo viatu anavyoazimana na mdogo wake.

Nilikuwa na beki wa kulia aliyechelewa kila Jumanne na Alhamisi. Nilimpa mawaidha mara tatu, ya tatu yakiwa makali. Siku nilipomuuliza ile Jumanne ilivyokwenda tangu kengele ya shule, ikajulikana kwamba siku hizo mbili ndizo bomba la mtaa wao hufunguliwa, saa tisa, na ndoo za nyumbani zilikuwa zamu yake. Nikasogeza mazoezi mbele dakika arobaini. Mtazamo wake mbaya ukapona wiki hiyo hiyo, bila neno hata moja kutoka kwangu.

Kama hakuna kikwazo cha namna hiyo, acha kuomba ahadi za jumla. Mwambie ataje siku, saa, mahali na atakayekuja naye. Wafunge wawili wawili, mmoja ampitie mwenzake nyumbani. Mtoto anaweza kumkwepa kocha. Rafiki aliyesimama mlangoni akiongea na mama yake ni vigumu.

Dalili: Anafanya, lakini kwa kinyongo

Huyu anakuja. Anajua faida. Lakini sema neno "mlima" na utazame nyuso kabla mtu hajapiga hata hatua moja: mabega yanashuka, mmoja anakumbuka kufunga kamba za viatu, mwingine anaumwa tumbo ghafla. Figa la hisia limeoza, na mara nyingi aliyeliozesha ni sisi.

Tafakari ratiba ya timu nyingi za shule. Ukichelewa, raundi kumi. Ukipoteza mpira ovyo, pushapu ishirini. Mkifungwa, kesho mlima. Kisha kocha huyo huyo anasimama na kueleza kwamba mbio ndizo msingi wa stamina na kila mchezaji anapaswa kuzipenda. Tumeifanya mbio kuwa fimbo, halafu tunashangaa kwa nini watoto hawaipendi fimbo. Mbwa wa Ivan Pavlov walidondosha mate kwa ishara tu, kwa sababu ishara ilikuja pamoja na chakula mara nyingi. Mchezaji anachoka kwa neno "mlima" kwa sababu limekuja pamoja na aibu mara nyingi. Ni utaratibu ule ule.

Mawaidha hapa ni kumpa maji mwenye njaa, maana imani yake haina tatizo. Dawa ni kutenganisha vilivyounganishwa. Ondoa mbio, pushapu na mlima kwenye orodha ya adhabu, kabisa, msimu mzima. Usibakize hata ile "raundi moja tu". Aliyechelewa na apoteze kitu anachokipenda: mechi ndogo ya mwisho aanzie nje, au abaki kukusanya koni na mipira.

Kisha zirudishe mbio kwa sura nyingine. Ziende na mpira. Ziwe za kupokezana. Na kila mmoja ashindane na daftari lake: mizunguko mitatu wiki iliyopita dakika 4 na sekunde 50, leo 4 na 41. Sekunde tisa zile ni zake peke yake, hazimfanyi mwenzake wa mwisho kuwa kichekesho. Kata zoezi wakati bado wanalitaka. Huu ndio ushauri ambao makocha wanaubishia zaidi ninapowaambia, nao ndio ninaoushikilia zaidi. Kitakachobaki kichwani mpaka kesho ni dakika za mwisho, kwa hiyo zisiwe za kutapika.

Kuna utafiti wa Robert Zajonc wa mwaka 1968 unaoonyesha kwamba watu hukipenda zaidi kitu kwa kukutana nacho mara kwa mara. Wapo wanaousoma kama ruhusa ya kumlazimisha mtu mpaka azoee. Hilo linafaa kwa kitu ambacho mtu hana ugomvi nacho. Anayekichukia tayari, ukimrudishia kile kile kwa njia ile ile unamwongezea sababu. Na uwe na subira: hisia zilizojengwa kwa miaka mitatu ya viboko hazibomoki kwa wiki mbili za michezo.

Dalili: "Sisi ni wasindikizaji tu"

Neno hilo Watanzania tunalijua. Tangu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipoleta fedha mbili kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, moja ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji na nyingine ya mita 5,000, miaka ilipita wanariadha wetu wakienda na kurudi mikono mitupu, mpaka "kusindikiza" likawa neno la vichwa vya habari. Kwenye timu yako linasikika hivi: "Wale hawafungiki." "Wale wanakula vizuri."

Hapa figa lililotitia ni la imani, na kocha hufanya kosa la kujibu imani kwa kelele: "Mnaweza! Mnaweza!" Lakini imani yao haikutoka hewani. Wana ushahidi, nao ni mabao manne kwa sifuri mwaka jana. Mwanasaikolojia Albert Bandura, mwaka 1977, alieleza vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba ataweza: kufaulu mwenyewe, kumwona mtu kama yeye akifaulu, kuambiwa anaweza, na jinsi mwili wake unavyomwambia wakati ule. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Sisi tunaanza na cha tatu, ambacho ni dhaifu, kwa kuwa hakigharimu kitu.

Kabla ya dawa, pima. Uliza: "Tulifungwa kwa nini?" Wakijibu "wale wana vipaji", wameweka sababu mahali ambapo mkono haufiki. Wakijibu "tulichoka kipindi cha pili, kiungo kikafa", sababu iko mezani na mnaweza kuifanyia kazi. Kazi yako ni kuwatoa kwenye jibu la kwanza kuwapeleka kwenye la pili, na njia ni kukata mechi vipande. Mechi ijayo dhidi ya wale wale, lengo ni dakika 15 za kwanza bila kufungwa. Wakifika, wamefaulu, hata kama matokeo ya mwisho ni mawili bila. Mechi inayofuata, dakika 30. Na mechi za kirafiki tafuta timu mnayolingana nayo. Wapo makocha wanaoipeleka timu changa kwa wakubwa "wakomae". Nimeona zikikomaa kwa kukubali kwamba kufungwa ndiyo desturi yao.

Kisha mifano, na mfano mzuri ni ule anaofanana nao. Julius Yego alikulia Kenya, nchi ambayo kila mtu alijua kwamba ni ya mbio ndefu, akaupenda mkuki. Alijifunza kwa kutazama video za warushaji wa Ulaya kwenye YouTube. Beijing mwaka 2015 alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Ferdinand Omanyala naye aliukuta msemo kwamba Mkenya si mtu wa mbio fupi. Septemba 2021, Nairobi, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Bayi mwenyewe, Christchurch mwaka 1974, aliongoza mita 1,500 kutoka mwanzo mpaka mwisho na kuvunja rekodi ya dunia kwa 3:32.2, wakati wengi walisadiki kwamba anayetangulia mbele atamezwa mwishoni. Na Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros mstarini kwenye marathoni, wote wawili wakiandikiwa 2:09:48, akawa Mtanzania wa kwanza bingwa wa dunia wa riadha. Msindikizaji gani huyo?

Wasimulie, lakini usitegemee majina haya peke yake. Kwa mtoto wa kidato cha pili, Simbu yuko mbali karibu kama mwezi. Kaka wa kidato cha nne aliyeanza benchi mwaka juzi na sasa yuko timu ya mkoa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, atamgusa zaidi, hata akizungumza dakika tano tu tena kwa haya.

Hapa pia ndipo inapoingia kamati ya ufundi, na simaanishi wenye chati za mbinu, namaanisha wa uchawi wa mpira. Tusijifanye hatuijui: kuruka ukuta badala ya kupita mlangoni, kuingia kinyumenyume, yai kwenye nyasi. Imani hiyo haing'oki kwa kejeli, kwa sababu haishindwi kamwe. Mkishinda, dawa imefanya kazi. Mkifungwa, ya wenzenu ilikuwa kali. Inachompa mchezaji ni hisia kwamba kuna kitu anakidhibiti kabla ya mechi. Mpe kingine cha kudhibiti: utaratibu ule ule kila mechi, viatu, maji, pasi ishirini na mwenzake yule yule, pumzi tatu ndefu. Mimi sijawahi kubishana na mchezaji kuhusu hirizi. Nimewaona wakiisahau nyumbani.

Dalili: Anaamini kinyume, na anatetea

Winga wako hakabi. Si kwamba hajui, ana falsafa: "Kazi yangu ni kufunga, kukaba ni kwa mabeki." Hapa imani, hisia na vitendo vimepatana vizuri sana, kwa upande usioutaka. Hakuna figa linaloyumba. Inabidi uliyumbishe wewe.

Mwanasaikolojia Leon Festinger, mwaka 1957, alieleza kwamba mtu akijikuta na mambo mawili yanayogongana ndani yake hukosa raha, na hutafuta kubadilisha mojawapo ili atulie. Miaka miwili baadaye yeye na James Carlsmith waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuchosha kwa saa nzima, wakawaomba wamwambie anayefuata kwamba ilikuwa ya kufurahisha. Wengine walilipwa dola 1, wengine dola 20. Walioishia kuamini kwamba kazi haikuwa mbaya ni wale wa dola 1. Wa dola 20 walikuwa na sababu ya kudanganya, nayo iko mfukoni. Wa dola 1 hawakuwa na pa kujificha, ikabidi wajishawishi.

Kwa winga wako, maana yake ni hii: usimnunue. Ukimwambia atapata jezi mpya akikaba, atakaba kwa ajili ya jezi, na jezi ikichakaa kukaba kumechakaa. Mwombe badala yake awafundishe wadogo wa kikosi cha pili jinsi winga anavyorudi kusaidia beki. Aandae zoezi mwenyewe, asimame mbele yao, aseme kwa kinywa chake kwa nini ni muhimu. Asilazimishwe, akikubali kwa hiari ndipo mgongano unapouma. Jumamosi inayofuata wale wadogo wako pembeni ya uwanja wanamtazama. Sasa ana winga wawili ndani yake, mwalimu na mvivu, na mmoja lazima ahame.

Njia hii ina hatari zake. Anaweza kuutatua mgongano kwa upande mwingine, akaamua kwamba wewe ndiye hujui mpira. Kwa hiyo itumie kwa mchezaji anayekuheshimu, na kitendo cha kwanza kiwe chepesi: arudi mara tatu kipindi cha kwanza, basi. Zikihesabiwa tatu, mtaje mbele ya wenzake.

Dalili: Una hoja nzuri, na hazisikiki

Sijasema mawaidha hayafai kabisa. Carl Hovland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichunguza ni nini kinafanya maneno ya ushawishi yaingie, na majibu yao yanasaidia mpaka leo: anayesema ni nani, anasema nini, anamwambia nani, na katika hali gani.

Kagua kwa haraka. Umesema dakika tano baada ya kufungwa, watu wakiwa na machozi? Subiri kesho. Umesema wewe, kwa mara ya arobaini? Mwache mwingine aseme: nahodha, au mchezaji wa zamani anayeheshimika mtaani. Umesifu upande wako tu? Kwa anayekubaliana nawe inatosha, lakini kwa anayepinga, taja kwanza hoja yake kwa haki: "Ni kweli, ukirudi kukaba utachoka, na pengine utakosa bao moja." Kisha jibu. Hovland aliliona hilo kwa askari wa Marekani wakati wa Vita vya Pili: waliokuwa wakipinga walielekea zaidi kushawishika waliposikia pande zote mbili.

Dalili: Msichana aliyekuwa bora ameacha

Alikuwa mfungaji wako wa netiboli, amefika kidato cha pili, haji tena, na ukimuuliza anasema hapendi. Usimkague yeye kwanza. Kagua bukta mnayomlazimisha kuvaa, saa mnayomruhusu kurudi nyumbani, na baba. Tegla Loroupe, Mwafrika wa kwanza mwanamke kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, alianza kukimbia huku baba yake akipinga. Nenda nyumbani, piga hodi, keti, kunywa chai, usiongelee michezo mpaka uulizwe. Mwombe mama aje kutazama mechi moja. Ruhusu suruali ndefu na mtandio. Maliza mazoezi jua likiwa juu.

Dalili ikirudi

Itarudi, kwa kawaida katikati ya msimu au mitihani inapokaribia. Beki wangu wa kulia alianza kuchelewa tena mwezi wa tisa, na ulimi wangu ulishaandaa mawaidha ya nne. Nikameza, nikamuuliza bomba linafunguliwa saa ngapi siku hizi. Saa kumi, akasema, wamebadilisha ratiba.